Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

Hedaru hakuna okestra. Kuna barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, kuna reli ya Tanga ya tangu enzi za Wajerumani, kuna upepo na vumbi la tambarare chini ya milima ya Upare, na kuna kwaya. Anayetaka kujua kazi ya kuongoza okestra ikoje, na hana nauli ya kwenda Vienna, aingie kanisani jioni ya mazoezi, akae benchi la nyuma, amtazame mwalimu wa kwaya.

Atazame kinachotangulia wimbo. Mwalimu anaguna kidogo kooni, anaipata do, anaigawa: soprano so, alto mi, sauti ya tena do, besi do ya chini. Kisha mkono unapanda. Katika kupanda huko mwendo wa wimbo umeshaamuliwa, na ukubwa wa sauti pia. Mkono ukiruka juu, watu wote wanavuta pumzi ya kushtuka na ubeti wa kwanza unaanza mbio. Ukipanda taratibu huku kifua cha mwalimu mwenyewe kikijaa, vifua vyote vinajaa pamoja naye. Mkono ukishaanza kushuka, hakuna tena cha kurekebisha. Hapa ndipo wanaojifunza hukwama. Wanakazana na mapigo manne, chini, kushoto, kulia, juu, wakidhani kazi ni hiyo. Jean-Baptiste Lully, mwanamuziki wa mfalme wa Ufaransa, alipiga mapigo kwa fimbo ndefu sakafuni mpaka akajipiga mguu, na kidonda kikamuua mwaka 1687. Mwalimu wetu anatumia kiganja, na kiganja kinatosha.

Uimbaji huu una miaka zaidi ya mia Upareni. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na kufikia 1922 Agano Jipya lilikuwa limechapwa kwa Chasu, lugha ya Wapare. Walutheri nao wana Dayosisi yao ya Pare, makao yake Same. Lakini chombo cha kazi cha mwalimu, sol-fa, ile do-re-mi inayoandikwa kwa herufi, kilipita njia nyingine. Mwalimu Mwingereza Sarah Glover aliibuni, mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza tangu miaka ya 1840, na shule za misheni zikaitawanya Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kwaya huko Johannesburg, aliitumia mwaka 1897 kuandika tuni ambayo Watanzania tunaiinukia kila wimbo wa taifa unapopigwa.

Ukurasa wa sol-fa hauvutii macho. Ni mistari minne ya herufi, soprano juu, besi chini. Nukta pacha zinatenganisha mapigo, kistari kinaishikilia noti isikatike, alama ndogo chini ya herufi inaishusha oktava nzima. Mwalimu aliyekomaa huupitishia macho ukurasa huo kimyakimya kisha akatikisa kichwa: alto wana mruko mbaya mstari wa tatu, hapo wataanguka.

Waimbaji wengi hawasomi herufi hizo. Wanalishwa sauti moja moja, besi wakirudia mstari wao huku soprano wakipiga soga, mpaka zote nne ziwe tayari kukutanishwa. Msidharau njia hiyo. Missa Luba, misa iliyochipuka Kamina, Katanga, huko Kongo, miaka ya 1950 chini ya padri Guido Haazen, ilizaliwa kwa kuimba na kubuni katika mazoezi. Baadaye Boniface Mganga wa Taita, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Upareni, aliirekodi na Muungano National Choir ya Kenya, na dunia ikasikiliza.

Ninachokistaajabia zaidi ni sikio. Kwaya isiyo na kinanda hushuka. Tuni ikiteremka ngazi au ikirudia noti moja mara nyingi, sauti zinazama kidogo kidogo bila waimbaji wenyewe kujua. Mwalimu anajua. Hasimamishi wimbo. Anasogea upande wa tena, anainua nyusi, anaonyesha kidole juu, na ile ti inayokaribia do inabanwa kwenda juu hadi wimbo urudi mahali pake.

Kisha kuna maneno. Tuni nyingi za vitabuni zilitungwa kwa Kijerumani au Kiingereza, wakati Kiswahili huegemea silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo pigo zito huangukia pasipostahili, na "mkombozi" anaishia na uzito wote kwenye zi. Mwalimu mzembe hupiga tu. Hodari hulegeza kiganja pigo hilo linapofika, likapita kama upepo, na msikilizaji akalisikia neno kama linavyosemwa sokoni.

Kinanda chenye mapigo yaliyowekwa tayari hakiwezi hilo, na spika kubwa huficha yote mawili, kosa na ustadi. Nimeona walimu wazuri wakigeuzwa wapambe wa mashine.

Kiongozi wa okestra ya Berlin hukuta wapiga fidla walewale mwaka hadi mwaka, na wanalipwa. Mwalimu wa Hedaru hujitolea, baada ya shamba, darasa au duka, na barabara iliyo mlangoni pake inamchukulia vijana: chuo, ajira, ndoa, Dar, Arusha. Makambi ya kanisa yanakaribia na waimbaji wa tena wamebaki wawili, mmoja na mafua. Basi anashusha ufunguo kutoka G hadi F, anamhamisha besi mwenye koo jepesi, anawapa alto wenye sauti nzito mistari ya tena iliyo juu, na anayoikosa anaiimba mwenyewe, mkono ukiendelea kupiga.