Vitabu vya Kusubiri Maji

Kilambo, mpakani kwetu na Msumbiji, mwenye ratiba ni maji. Yakipwa, mafungu ya mchanga hujitokeza mtoni Ruvuma, kivuko hutulia, na msafiri wa kwenda Namoto, upande wa Msumbiji, hukaa chini akangoja. Wengine hulala, wengine hubishana bei ya korosho. Mimi kiangazi hiki nimesoma riwaya. Kijana mmoja wa mtumbwi akaniuliza, “Mwalimu, unasahihisha?” Huku kwetu riwaya ni jambo la mtihani! Lakini hakimu mkali wa kitabu ni msomaji huyu asiye na mtihani: kisipomshika, anakifunga akaangalia mto.

Nilianza na Kusadikika (1951). Shaaban Robert anamsimamisha Karama mahakamani asimulie habari za wajumbe sita, na kila kisa kinawachoma watawala wa wakati ule bila kuwataja. Kwa ujasiri huo namvulia kofia. Ila watu wake wote wana sauti moja, ya Shaaban mwenyewe. Ukifumba macho humjui mshitaki wala mshitakiwa.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla niliimaliza upesi. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake ni raha tupu, basi.

Ufundi ninaousifu niliukuta kwa Adam Shafi, ndani ya Vuta N'kuvute (1999). Yasmin, binti wa Kihindi, amemkimbia Bwana Raza, mume aliyemzidi umri mno. Mjomba anamfungia mlango; Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, anamfungulia. Shafi hatuambii kwamba Mwajuma ni mkarimu. Anamwacha apokee mgeni, atanie, agawe alicho nacho, na sisi tunampenda wenyewe. Hata siasa za kudai uhuru zinaingia kupitia chumba hicho, pamoja na mapenzi ya Yasmin na Denge, kijana wa harakati hizo. Katika Kuli (1979) mkono wake haujatulia hivyo: mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa 1948 unapopamba moto, mara kwa mara namsikia mwandishi akihutubia.

Mohamed Suleiman Mohamed hahutubii hata kidogo. Kiu (1972) ina tajiri mzee, Mwinyi. Ina Bahati, msichana mbichi. Ina Idi, kijana mwenye ulimi wa asali na macho kwenye mali ya mzee. Kila mmoja ana kiu yake, na mwandishi hamkemei yeyote. Idi anapobembeleza, msomaji anaunusa uongo huku Bahati akiuamini, na unatamani kumpigia kelele binti wa watu. Kumfanya mtu mzima atake kugombana na karatasi, huo ndio utunzi.

Nagona ya Kezilahabi (1990) ilinishinda pale kivukoni. Ni nyembamba, lakini inataka chumba na mlango wa kufunga, si kelele za abiria.

Basi, ukienda Kilambo, chukua Kiu. Nagona iache nyumbani.