Tulikula au Tulikuwa Tunakula

"When the bus arrived, we ate." "When the bus arrived, we were eating." Mwalimu wa Kiingereza akiziandika sentensi hizi ubaoni katika shule yoyote ya kata mkoani Singida, wanafunzi wa kidato cha pili watamjibu bila kusita kwamba zote ni wakati uliopita na zote ni sahihi. Ni kweli. Sasa waulize nini kiliwapata hao wasafiri. Katika sentensi ya kwanza basi lilifika, ndipo watu wakala. Huenda ndilo lililoleta chakula, au lilimleta mgeni aliyekuwa akisubiriwa. Katika ya pili kuku wa kienyeji yuko mezani, ugali umeshamegwa, na basi la Mwanza linaingia stendi likipiga honi. Hapo kuna mtu aliyenawa harakaharaka, na huenda kuna mwingine aliyeachwa.

Habari yote hiyo imebebwa na "were" na kile kimkia cha "-ing". Kumfanya kijana aione tofauti hiyo, asiikariri tu, ni ufundi, na kwa maoni yangu ni ufundi tunaousifu kidogo mno. Tunamsifu mwalimu wa hisabati aliyefaulisha darasa zima. Mwalimu wa sarufi tunamwona mtu wa kusahihisha madaftari.

Njia ya mkato inajulikana: "while" huenda na past continuous, "when" huenda na past simple. Inaleta alama, kwa sababu maswali mengi ya mtihani hupangwa hivyohivyo, kitenzi kimefungiwa kwenye mabano kikisubiri kunyooshwa. Lakini sentensi zetu za basi zote mbili zina "when". Kanuni imekufa hata kipande cha chaki hakijaisha.

Fundi halisi haanzi na neno la kiungo, anaanza na mahali alipo msimulizi. Mwanaisimu Bernard Comrie, katika kitabu chake Aspect cha mwaka 1976, alilieleza jambo hili kwa lugha nyepesi: tendo laweza kutazamwa kutoka nje, likaonekana zima, au kutoka ndani, likiwa bado linatendeka. Mtoto wa Singida ana mfano wake karibu. Aliye barabarani huliona jabali lote kwa mara moja, chini mpaka kileleni. Anayelikwea huona mwamba ulio mbele ya pua yake, na kilele hajui kama atakifikia. Jabali ni lilelile na saa ni ileile. "We ate" amelisema mtu wa barabarani.

Kinachonishangaza ni kwamba kijana huyu anafika darasani akiwa na ujuzi huo tayari. Msikilize akisimulia mambo ya shambani: "Tulikuwa tunapalilia alizeti. Mara wingu likatanda, upepo ukavuma, mvua ikashuka, tukakimbilia chini ya mti." Hakuna aliyemfundisha kupanga hivyo. "Tulikuwa tunapalilia" imetandika mkeka, kisha "-ka-" zimeingia moja baada ya nyingine kukisukuma kisa mbele. Kiingereza hakina "-ka-". Kazi yake hufanywa na past simple, huku mkeka ukitandikwa na past continuous: "we were weeding", halafu mvua "fell", watu "ran". Mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi kwamba mgawanyo huu wa kazi anao mdomoni amemwokolea miezi ya kukariri. Ila shule nyingi zimetundika vibao vya kukataza Kiswahili, na mwalimu mtiifu huacha chombo chake bora nje ya mlango. Sioni faida yake.

Mitego haikosekani, na hapo ndipo fundi hujulikana. Mwanafunzi anataka kueleza jinsi alivyomkuta mama nyumbani: alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge, amembeba mtoto. Kwa Kiswahili zote ni "-me-", maana sisi tunatazama hali iliyobaki baada ya mtu kusimama, kuvaa na kubeba. Kijana anaitafsiri "-me-" yake kwa uaminifu na kuandika kwamba mama "had stood, had worn, had carried". Mwingereza akisoma atajua tu kwamba hayo yote yalishapita: mama keshaondoka mlangoni na kitenge keshakivua. Alichokitaka kijana ni "was standing, was wearing, was carrying". Kwa Mwingereza, kusimama kwenyewe ni jambo linaloendelea. Mwalimu mzuri huviweka vitenzi hivi kando katika daftari lake: simama, kaa, lala, vaa, beba, inama, egemea. Halafu huviweka na vile vinavyoelekea upande wa pili. Sisi husema "nilikuwa najua" bila shida yoyote. "I was knowing" Kiingereza huikataa. Na mazoea nayo, "nilikuwa naenda Kiomboi kila Jumamosi", Kiingereza kwa kawaida huyasema kwa "went" au "used to go".

Nje ya darasa chaguo hili limewahi kuwa na uzito mkubwa. Mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, shahidi katika mahakama ya wilaya angeweza kueleza kwa Kiswahili huku hakimu akiandika kwa Kiingereza. Shahidi akisema "alikuwa anavuka barabara", na kalamu ikaandika "crossed", mtu huyo ameshafika ng'ambo. Ikiandika "was crossing", yuko katikati ya lami, na lori linakuja. Mwendo wa kesi waweza kutegemea alikuwa wapi.

Wala wenye lugha hawakupewa mambo haya yakiwa yamekamilika. Mpaka kuelekea mwisho wa karne ya 18 Mwingereza alisema "the house was building" akimaanisha nyumba inayojengwa. "Was being built" ilipoenea, wapo wajuzi wa sarufi wa karne ya 19 walioilaani kuwa ni uchafu wa lugha. Kijana wa Mkalama anayejikwaa hapo asione haya.

Kisha kuna pale ambapo majibu yote mawili yanafaa, na hapo kalamu nyekundu haina kazi. Mwanafunzi ameandika insha kuhusu baba yake aliyekwenda Manyoni kufanya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya kisasa, kipande cha Makutupora hadi Tabora. Ameandika "My father worked in Manyoni", akakata, akaandika "was working", akakata tena. Mwalimu mvivu atachagua kwa niaba yake. Yule ninayemsifu atavuta kiti na kumuuliza: "Unatusimulia kazi aliyoifanya baba, au unataka tujue alikuwa wapi siku mdogo wako alipozaliwa?"