Herufi Moja na Majirani Zake

Selimundu kwa mtoto mdogo mara nyingi huanzia vidoleni. Vinavimba, vinapata joto, na mama akivigusa mtoto analia. Chembe nyekundu zilizopinda kama mundu zimeziba mishipa midogo, damu haipiti. Chanzo ni herufi moja katika jeni ya himoglobini, kwenye kromosomu ya 11: A imegeuka T. Anayeirithi kwa baba na kwa mama pia, anaugua.

Herufi hiyohiyo iko Oman. Ilifikaje? Yenyewe haisemi, kwa kuwa ni ileile kwa kila mgonjwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wanasayansi waliwachunguza majirani zake kwenye DNA. Kuna vimeng'enya vinavyokata DNA pale tu vinapokuta mfuatano fulani wa herufi. Ukipima urefu wa vipande, unajua wapi pamekatika na wapi hapakukatika, na mpangilio huo hurithiwa pamoja na kasoro kama muhuri wa ukoo. Oman ilikutwa na mihuri mitatu: wa Benin, zaidi ya nusu, wa Kiarabu-Kihindi, na wa Kibantu, takriban moja ya tano. Huu wa mwisho ndio uliotawala huku kwetu Afrika Mashariki.

Nyuma ya moja ya tano hiyo kuna watu. Wapo waliotekwa Manyema, mashariki mwa Kongo, wakaswagwa kupitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, wakavushwa Zanzibar, na baadhi yao kupelekwa Ghuba. Wapo pia watoto wa koo zilizokuwa na nyumba Maskati na tembe Unyanyembe, karibu na Tabora. Hata hivyo muhuri wa Kibantu unapatikana Kongo, Kenya, mpaka kusini mwa Afrika. Hautaji Tabora. Anayedai kwamba kipimo hiki kimeithibitisha njia hiyo ya misafara anakitwisha mzigo kisioweza kuubeba.

Tena vimeng'enya hugusa sehemu chache tu. Kwa miaka mingi mihuri mitano iliyojulikana duniani ilihesabiwa na wengi kuwa machimbuko matano. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walichambua jenomu nzima za watu 2,932, wakiwemo 156 wenye herufi hiyo, wakahitimisha kuwa chimbuko ni moja, la miaka kama 7,300 iliyopita. Naiona hoja yao ina nguvu, maana walisoma ujirani wote, si nyumba chache za barabarani.

Mtoto wa vidole vilivyovimba hahitaji yote hayo ili atambuliwe. Kuanzia mwaka 2017, katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, zilitumika kadi za matone ya damu yaliyokaushwa, zilizokwisha kukusanywa kupima VVU kwa watoto wachanga wa mikoa 9 ya kaskazini-magharibi. Himoglobini ilitenganishwa kwa umeme: ya selimundu husimama mahali pake, ya kawaida pake. Katika kadi 17,200, watoto 3,492 walikuwa na herufi hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Watoto 210 waliipata kwa wote wawili.