Kiingereza cha jikoni kisianzie kwenye keki

Majuzi nilihudhuria somo la Kiingereza katika shule moja hapa Nyanchwa, mjini Kisii. Watoto wa Gredi ya 3 walifunzwa lugha kwa kupika. Wazo lenyewe ni zuri. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Mmarekani James Asher alitetea kuwa mwanafunzi hushika lugha upesi anapotii amri kwa vitendo: mimina, koroga, funika. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao unasisitiza kutenda kuliko kukariri.

Kasoro ilikuwa kwenye chakula chenyewe. Ati walipika nini? Keki! Tena oveni ilikuwa picha ubaoni. Wengi hawana kifaa hicho kwao, basi wakaimba tu majina. Huko ni kukariri kulekule, ila sasa kumevaa aproni.

Watoto hawa wanajua kuchambua chinsaga, na kwamba hutiwa maziwa kupunguza uchungu. Wanajua obokima husongwa. Mpe mtoto kazi anayoimudu, maneno mageni yatapata pa kushika. Mpe asiyoijua, umemtwika mizigo miwili.

Nilimwuliza mwalimu mbona asianze na mboga. "Mwalimu, wazazi watasema tunawarudisha watoto kijijini," akanijibu.

Hapo ndipo penye tatizo, msomaji wangu. Tunadhani Kiingereza hakiwezi kuzungumzia chinsaga. Kinaweza, mradi somo lianzie kwenye chungu anachokijua mtoto.