Akili Mnemba na Mafunzo ya Walimu: Uhakiki kwa Mfano wa Ufipa

Siku hizi, kila panapozungumzwa elimu, hutajwa mambo mawili: kwamba mwalimu afunzwe kutumia vyombo vya kidijitali na akili mnemba, na kwamba mafundisho yamlenge mwanafunzi. Mambo haya husemwa kwa pumzi moja, kana kwamba la kwanza likipatikana, la pili huja lenyewe. Makusudi ya makala haya ni kuipima dhana hiyo. Je, mwalimu aliyejua kukitumia chombo amejua kwa hiyo kumsikiliza mwanafunzi? Tumechagua kuipima Ufipa, kwa kuwa huko swali la lugha, ambalo ndilo kiini cha jambo lenyewe, laonekana wazi.

Tuanze na maneno. Kuna waliosema ‘akili bandia’, wengine ‘akili unde’, na sasa ‘akili mnemba’ ndilo lililoshika katika nyaraka na magazeti ya Tanzania. Nasi twalifuata. Lakini yafaa kukumbuka kwamba maneno yale mawili ya kwanza humfunulia msikiaji maana: bandia ni kitu cha kuigiza, na unde hukumbusha kuunda, kama fundi aundavyo jahazi. Asikiaye ‘mnemba’ hapati dokezo hilo, wala hajui kwamba chombo hiki kimeundwa na watu, kwa maandishi waliyoyakusanya watu. Basi yampasa mwalimu kulieleza. Kadhalika ‘kumlenga mwanafunzi’. Kulenga ni kazi ya mwenye upinde, na alengwaye hana neno. Huenda mtu akasema kwamba huu ni mchezo wa maneno tu. La, sivyo, mara nyingi ndivyo ilivyo darasani: mbinu hubadilika, vikundi hupangwa, na mwanafunzi angali hana la kusema.

Wala shauri hili si geni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu iliyowafanya watoto waamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa wasomi, hata wakawadharau wazee wao. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari uligeuzwa ufuate umahiri, na walimu wakaambiwa wawashirikishe wanafunzi. Lakini watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza 2002, walionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari wanyamazao wanapofundishwa kwa Kiingereza huzungumza na kuuliza wanapofundishwa kwa Kiswahili. Basi kikwazo cha ushirikishaji hakikuwa ukosefu wa mbinu peke yake. Kilikuwa lugha.

Tukiwa na hayo moyoni, tuutazame mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2024 juu ya umahiri wa walimu katika akili mnemba. Una vipengele 5: kumtanguliza binadamu, maadili, misingi na matumizi ya chombo, ufundishaji, na kujiendeleza kazini. Kila kipengele kina ngazi 3, na kwa hiyo jumla ni umahiri 15. Ni kazi nzuri, iliyopangwa kwa utaratibu, na sifa yake kubwa ni kuweka utu kabla ya ufundi. Ila lugha ya darasa haikupewa kipengele chake yenyewe. Kwa nchi ambayo mtoto, mwalimu na chombo hutumia lugha moja, pengo hili ni dogo. Kwetu ni kubwa mno.

Ufipa ni nyanda za juu kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na mji wake mkuu ni Sumbawanga. Mtoto wa kijiji cha huko aghalabu huanza na Kifipa nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha kwa Kiingereza sekondari. Akili mnemba imelishwa Kiingereza kwa wingi, Kiswahili kwa kiasi, na Kifipa kwa uchache sana. Hata hadithi za Wafipa alizozikusanya Roy Willis zilitoka kitabuni mwaka 1978 kwa tafsiri ya Kiingereza. Basi kadiri chombo kinavyomjua Mfipa, chamjua zaidi kwa maneno ya mgeni.

Tuchukue mfano mmoja. Katika kilimo cha asili cha Wafipa, mvua zinapoelekea kwisha, mkulima hukusanya nyasi na kuzifunika kwa udongo mpaka ukawa mlima mdogo wa mviringo, uitwao ntumba. Nyasi huoza ndani yake, na maharage huweza kupandwa juu. Msimu ufuatao udongo ule hutawanywa, ukapandwa ulezi au mahindi. Hili ni somo kamili la kuoza, rutuba na mzunguko wa mazao. Lakini mwalimu ataliandikaje swali lake kwa Kiswahili? Akiandika ‘tuta’, neno hilo ni la viazi, ni la kinga ya maji mlimani, na hata la kupunguza mwendo wa magari barabarani. Hakuna linalotenga ntumba na hayo, wala na ngolo za Umatengo, ambazo ni mashimo. Jibu litakalokuja laweza kuwa fasaha, lenye mpango mzuri, na lisimhusu mama yake mtoto aliye shambani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto akiona kwamba mwalimu alishika jibu la chombo na kuliacha la mama yake, onyo la mwaka 1967 limetimia upya. Ila mahali pa kitabu pamekaliwa na mashine.

Hatusemi chombo kikataliwe. Mwalimu mwenye darasa kubwa hupata msaada wa kweli akitungiwa mazoezi ya ngazi mbalimbali, au akisaidiwa kumvusha mwanafunzi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowakutanisha walimu shuleni mwao wazungumzie kazi yao, ni mahali pafaapo pa kujifunzia. Shauri letu ni juu ya utaratibu. Swali litoke kwa mwanafunzi na mahali pake. Kwanza aulizwe mjuzi wa kijiji, kwa Kifipa. Jibu liandikwe kwa Kiswahili. Ndipo chombo kiulizwe. Mwisho, wanafunzi wayalinganishe majibu mawili na kueleza kwa nini wamelikubali hili au kulikataa lile. Huenda mjuzi akakosea na chombo kikapatia. Hilo nalo ni somo, mradi hoja zimetolewa na wanafunzi.

Nasi wa taaluma ya lugha tuna deni letu. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, na usanifishaji huo ulijengwa juu ya Kiunguja. Maneno ya bara kama ntumba hayajapata kikao cha kutosha katika kamusi zetu. Yakikusanywa kwa maana zake halisi, mwalimu wa Sumbawanga atakuwa na neno la kuulizia swali lake, na mwanafunzi wake atakuwa na neno la kulipimia jibu.