Hojaji zetu hupima mtazamo au tafsiri?

Tangu vishikwambi vianze kugawiwa shule za msingi nchini mwaka wa 2016, nimesahihisha tasnifu kadhaa zinazopima mitazamo ya walimu na wanafunzi kuhusu tarakilishi. Baadhi hutafsiri hojaji ya Loyd na Gressard ya mwaka wa 1984, yenye kauli yakinishi na kanushi. Kwenye kauli kanushi ndipo penye kasoro.

Muulize mwalimu, “Tarakilishi haikutishi?” Atajibu, “Ndiyo”, yaani kweli, hainitishi. Kwa Kiingereza angejibu “la”. Mtafiti anayefikiri kwa Kiingereza huandika kuwa inamtisha. Basi mwalimu jasiri anageuzwa mwoga, kisha anapangiwa mafunzo asiyoyahitaji!

Naye mwanafunzi aliyezoea “kompyuta” hukutana na “ngamizi”, akachagua “sina hakika”. Hana hakika na nini, mashine au neno?

Jamani, tusiwalaumu walimu kabla ya kukagua Kiswahili chetu. Hojaji ijaribiwe kwanza kwa watu wachache, kila mmoja aeleze alivyoelewa swali. La sivyo, tutakuwa tumepima tafsiri yetu wenyewe.