Bunduki Yenye Vikuku

Ijumaa asubuhi, wakati mnada wa mbuzi umepamba moto katika soko la Nizwa, wanaume huzunguka na bunduki kuukuu mabegani wakingoja kuulizwa bei. Nyingi ni Martini-Henry, silaha iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871. Mzee mmoja mzaliwa wa Unguja, dalali wa bunduki hizo, aliniketisha kando yake nimtazame akikadiria, na tangu siku ile naihesabu kazi yake kuwa elimu kamili.

Kijana alimletea bunduki iliyokatwa mtutu, imevikwa vikuku sita vya fedha kuanzia kwenye mti hadi karibu na mdomo.

"Ami, hii niitoe kwa kiasi gani?"

Mzee hakujibu. Aliushusha wenzo, akahakikisha hamna risasi, akaweka pindo la kanzu yake nyeupe nyuma ya mtutu ili lirudishe mwanga, kisha akachungulia kwa mbele. Alikuwa akitafuta mifereji saba, ile aliyoibuni Alexander Henry wa Edinburgh. Iking'aa, bunduki ilipata mwenyewe. Ikiwa imeliwa, mtu alipiga baruti usiku wa harusi akaenda kulala bila kuisafisha.

Halafu akaigeuza ubavu wa kulia: taji, herufi V.R., Enfield, mwaka.

"Mwanangu, taji lisikushughulishe. Soma mwaka."

Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Bunduki yenye herufi zake na mwaka wa baadaye haikutoka Enfield. Imetoka kwa mafundi wa njia ya Khyber, walionakili mihuri wasiyoweza kuisoma, mara nyingine N ikageuka nyuma mbele. Hii ilikuwa ya 1878, mihuri yake safi. Lakini kipimo cha kulengea kilikuwa na namba za masafa ya mbali kuliko zile za bunduki fupi. Kwa hiyo ilizaliwa bunduki ndefu ya askari wa miguu, yenye mtutu wa sentimita 84 hivi. Kijana alikuwa ameambiwa ni ile fupi ya wapanda farasi. Uso ulimshuka.

Katika mnada wa London, mkato ule ungeimaliza bei. Mkusanyaji wa huko anaitaka bunduki kama ilivyotoka kiwandani. Mzee hakubaliani naye, na mimi niko upande wa mzee. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, mwambao wetu ukiwemo, na biashara ikanawiri Muscat mpaka 1912, Sultani alipoamuru silaha zote zipitie ghala moja. Zilizobaki Oman ziliacha kuwa mali ya jeshi. Aliyekata mtutu alitaka silaha nyepesi juu ya ngamia. Sonara akaivika fedha, na wajukuu wakaibeba katika ngoma ya razha. Anayeikadiria kama kitu cha Enfield kilichoharibika amehesabu miaka yake michache ya kwanza na kuitupa mia na zaidi iliyofuata.

Kwa hiyo mzee hutaka kujua nani aliibadili, na kwa ajili ya nani. Hapo ndipo ustadi wake unaponistaajabisha. Fedha ya zamani ilitokana na riali za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, zilizotumika Muscat na Unguja vilevile: gramu 28 hivi kila moja, fedha sehemu 833 katika elfu. Masonara waliziyeyusha. Fedha ya namna hiyo hujenga weusi ndani ya nakshi, na weusi huo hauigiziki kwa urahisi. Zaidi ya hapo, kikuku husema kilishikwa wapi. Pale bunduki inapokaa sawa mkononi, nakshi lazima ifutike; karibu na mdomo lazima ibaki kali. Vikuku vikilika vyote kwa kiasi kimoja, vimesuguliwa kwa msasa mchana mmoja, amesubiriwa mtalii.

Mzee alivipitisha vyote chini ya kidole gumba, macho kayafumba. Akagusa viwili vya mwisho.

"Hivi si vyake."

Vilikuwa vya madini meupe, na mti pembeni mwao haukuwa umekolea rangi kama kwingineko.

Bei aliijenga wazi mbele ya muuzaji: chuma cha 1878, mtutu mzuri, fedha ya vikuku vinne kwa uzito, juu yake kazi ya mkono wa sonara. Mkato hakuupunguzia chochote. Vikuku viwili vipya hakuvihesabu kabisa, na akapunguza kidogo kwa sababu viliwekwa kudanganya. Kijana alinung'unika, akaenda kuuliza kwingine, akarudi.

Bunduki ilinunuliwa kabla ya sala ya Ijumaa kwa bei aliyoitaja mzee, na mnunuzi, bwana wa Bahla, aliomba vikuku vile viwili vibanduliwe palepale.